Makala Uliyoiweka Akiba Utaisoma Lini?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na safu hii, chukua simu yako uhesabu mambo uliyoyaweka ili uyasome baadaye. Usihesabu picha za harusi wala salamu za ndugu. Hesabu kurasa ulizoziacha wazi katika kivinjari, viungo ulivyojitumia mwenyewe kwa WhatsApp, picha za skrini ulizopiga ili maneno yasikupotee, na makala ulizotumiwa na rafiki nawe ukamjibu, "Ahsante, nitaisoma." Huenda ukachoka kuhesabu kabla ya kufika mwisho. Sasa jiulize swali la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza: katika hayo yote, ni mangapi uliyorudi ukayasoma?

Swali hili haliulizwi ili kumwaibisha mtu. Mfanyakazi wa mjini hukutana na maandishi mazuri wakati ambapo hawezi kuyasoma. Maelezo ya namna bora ya kufuga kuku humfikia akiwa dirishani anahudumia wananchi. Habari za haki zake kazini humfikia akiwa amesimama ndani ya basi la mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia mkoba. Makala ya malezi humfikia mama saa ile ile ambapo sufuria inachemka na mtoto mdogo analia mgongoni. Jioni, nafasi ikipatikana, bando limekwisha, au ile makala imezama chini ya mamia ya ujumbe wa kikundi cha mtaa, na hakuna awezaye kuitafuta tena.

Hivyo basi, juma hili tuzungumze juu ya akiba ya usomaji: chombo kinachotumika kuiweka, namna ya kuipanga, na jambo moja ambalo hakuna chombo kiwezacho kutufanyia.

CHOMBO CHENYEWE

Kwa ajili ya shida hiyo zimetengenezwa programu ambazo kazi yake ni kukuwekea makala unayoikuta sasa ili uisome utakapopata wasaa. Kwa Kiswahili chepesi twaweza kuziita programu za "soma baadaye". Utaratibu wake si wa ajabu. Ukiwa umefungua ukurasa katika simu, unagusa alama ile ile unayoitumia kumpelekea mwenzako kiungo, kisha badala ya kuchagua jina la mtu unachagua jina la programu. Programu huuendea ukurasa ule, hukusanya maneno ya makala, huacha nje matangazo, vijisanduku vinavyorukaruka na orodha za pembeni, kisha hukuwekea kichwa cha habari, jina la mwandishi na maandishi yenyewe, kwa herufi unazoweza kuzikuza kadiri macho yako yanavyotaka.

Faida yake kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kwamba nyingi ya programu hizo huyashusha maandishi ndani ya simu. Ukiyashusha ukiwa mahali penye mtandao, waweza kuyasoma kesho yake ndani ya daladala, katika foleni ndefu ya jioni, bila kutumia bando hata kidogo. Lakini inafaa kuhakikisha kwanza. Programu nyingine huweka kiungo tu, yaani anwani ya ukurasa, na bila mtandao ukurasa haufunguki. Jaribio lake ni rahisi: hifadhi makala moja, zima mtandao wa simu, kisha uifungue. Ikifunguka, imo mkononi mwako. Isipofunguka, ulichonacho ni anwani tu.

Chombo hiki si kigeni sana duniani. Mwaka 2007 Mmarekani Nate Weiner alitengeneza nyongeza ya kivinjari cha Firefox akaiita Read It Later, jina lenye maana hiyo hiyo ya kusoma baadaye. Mwaka 2008 Mmarekani mwingine, Marco Arment, alitoa Instapaper, ambayo hadi leo ipo na inatumika. Mwaka 2011 kampuni ya Apple iliweka orodha ya kusoma ndani ya kivinjari chake cha Safari, na mwaka 2012 ile Read It Later ilibadilishwa jina ikawa Pocket, maana yake mfuko. Tangu hapo zimezaliwa nyingine nyingi, za bure na za kulipia kwa mwezi.

Nasi hapa nyumbani tulikuwa na desturi yetu hata kabla ya simu hizi. Wako wazee walioketi Jumapili na mkasi, wakakata katika gazeti makala ya kilimo, ya afya au ya historia, na kuibandika kwa gundi ndani ya daftari kabla gazeti halijaenda kwa mama muuza vitumbua kufungia bidhaa zake. Madaftari hayo bado yamo katika masanduku ya nyumba kadhaa, na yeyote aliyewahi kufungua moja anajua thamani yake.

Hata hivyo, mkasi na kidole vinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Mkasi ulikuwa na gharama. Ilimpasa mtu asome kwanza, aamue kama makala yafaa, akate, apake gundi, asubiri ikauke. Kwa sababu hiyo kilichoingia daftarini kilikuwa kimekwisha kuingia kichwani. Kidole hakina gharama. Kwa mguso mmoja makala imehifadhiwa, na mwenyewe hajasoma hata aya ya pili.

LUNDO LISILOPUNGUA

Hapo ndipo ilipo hatari ya chombo hiki chema. Kidole kikishagusa, moyo hutulia kana kwamba kazi imefanyika. Ni sawa na mtu anayenunua chandarua, akakiweka chini ya kitanda kikiwa bado ndani ya mfuko wake, akalala akiamini kwamba amejikinga. Mbu hana habari kwamba chandarua kimenunuliwa.

Kwa kuwa kuhifadhi ni rahisi na kusoma kunataka muda, makala zinazoingia siku zote huwa nyingi kuliko zinazotoka. Mpya hukaa juu, za zamani huzama chini. Baada ya miezi michache mtu ana lundo la mamia, na lundo hilo likaanza kumtazama kama mdai. Kila akifungua programu anakumbushwa mambo asiyoyafanya. Mwishowe huacha kuifungua kabisa, huku akiendelea kuhifadhi kwa mazoea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa yaliyorundikwa bila mpango hupotea vivyo hivyo, tena yakiwa mfukoni mwa mwenyewe.

Tuchukue mfano ili tuone kwamba jambo hili si la mchezo. Mama mfanyakazi wa kiwandani, mjamzito wa miezi mitatu, anatumiwa na mwenzake makala juu ya likizo ya uzazi. Makala inaeleza vizuri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya angalau siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anasoma kichwa cha habari, anafurahi, anahifadhi, anarudi kwenye mashine. Lakini chini kidogo katika makala ile kuna sentensi nyingine: kwamba mfanyakazi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya nia yake ya kuchukua likizo hiyo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Makala ikilala katika simu miezi mitano, sentensi hiyo itamfikia mwenyewe baada ya siku yake kupita. Hapo ataanza kubembeleza jambo ambalo angeliomba kwa utaratibu, na yote hayo kwa sababu ya maandishi yaliyokuwamo ndani ya mkoba wake muda wote.

Mfano huo wahusu wengi. Kijana anayehifadhi tangazo la maombi ya mkopo wa elimu ya juu, fundi anayehifadhi tangazo la zabuni, mzazi anayehifadhi maelekezo ya kujiunga na shule: hao wote wameshika kitu chenye siku yake ya kufa. Kukiweka pamoja na habari za mpira na mapishi ya pilau ni kukizika.

MGENI MPE JEMBE

Yafaa basi tuwe na utaratibu. Haya yafuatayo hayahitaji fedha wala elimu ya kompyuta.

Kwanza, chagua mahali pamoja tu. Anayehifadhi nusu kwenye WhatsApp, nusu kwenye picha za skrini na nusu kwenye kivinjari ana vyumba vitatu vya kutafuta, na hatatafuta katika hata kimoja. Kama hutaki programu mpya, kivinjari cha simu yako huenda tayari kina orodha ya kusoma au uwezo wa kushusha ukurasa. Anza na hicho. Chombo kidogo kinachotumika kila juma chashinda kikubwa kilichosahauliwa.

Pili, weka mlinzi mlangoni. Kabla ya kugusa alama ya kuhifadhi, jiulize: makala hii nitaifanyia nini? Jibu laweza kuwa dogo: nitamweleza jirani, nitajaribu mapishi haya, nitapumzika nayo Jumamosi. Hata kupumzika ni jibu halali. Lakini kama huna jibu lolote, iache ipite. Habari ikiwa na maana kwako, aghalabu utakutana nayo tena.

Tatu, jambo lenye tarehe lisiingie katika akiba ya usomaji peke yake. Liandike kwenye kalenda ya simu au ile ya ukutani siku hiyo hiyo, na uweke siku ya kukumbushwa iliyo mbele ya tarehe yenyewe, si tarehe yenyewe. Nalo jambo la dharura lisihifadhiwe kabisa. Mtoto mwenye homa hahitaji makala ya kusomwa Jumapili. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya leo.

Nne, lebo ziwe chache. Programu hizi humruhusu mtu kuzipa makala majina ya makundi, na wako wanaofurahia kazi hiyo hata wakawa na makundi arobaini. Huo ni utunzaji wa stoo, wala si usomaji. Familia ya kawaida inatosheka na manne: Kazi, Afya, Watoto, na Mapumziko. Ukiona unawaza sana makala iingie kundi gani, ujue ungekwisha kuisoma.

Tano, weka kikomo cha idadi. Sisi tunapendekeza makala 20. Ya 21 ikitaka kuingia, moja itoke: ama isomwe, ama ifutwe. Kufuta si dhambi. Ukulima wenyewe hutufundisha kupunguzia miche iliyosongamana ili iliyobaki ipate kuzaa.

Sita, na hili ndilo kubwa, ukumbuke msemo wetu wa zamani kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Makala iliyokaa kwako Jumapili mbili imekula na kulala bure. Jumapili ya tatu ipewe kazi au isindikizwe. Na jembe la makala ni nini? Ni sentensi moja au mbili uziandike kwa mkono wako katika daftari, kwa maneno yako mwenyewe. Yule mama wa kiwandani angeandika hivi: "Likizo ya uzazi siku 84. Taarifa kwa mwajiri miezi mitatu kabla, na cheti." Mistari hiyo miwili ingemfaa kuliko makala nzima iliyolala. Tena angeweza kuwaonyesha wenzake wakati wa chakula cha mchana, na maarifa ya mmoja yakawa ya wengi.

NYUMBA YA KUPANGA

Kuna sababu nyingine ya kutilia mkazo daftari, nayo ni kwamba akiba nyingi za mtandao zimo katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akiamua kuifunga, mpangaji hutoka.

Ile Pocket tuliyoitaja ni shahidi. Ilianza mwaka 2007 kama nyongeza ya Firefox, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Mozilla, ndio wenye Firefox yenyewe. Wengi waliona kwamba sasa imepata wazazi wa kudumu. Mwezi Mei mwaka 2025 Mozilla ilitangaza kwamba itaifunga, na tarehe 8 Julai mwaka huo huo ikafungwa. Wenye akiba zao walipewa miezi michache ya kuzitoa. Na walichoweza kutoa kilikuwa orodha: vichwa vya habari, anwani za kurasa na lebo walizokuwa wameziweka. Maandishi ya makala hayakuwamo katika orodha hiyo. Aliyekuwa amehifadhi makala ambayo tovuti yake imekwisha kufutwa alibaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo yalitokea mengine yanayofanana na hayo. Programu iitwayo Omnivore, iliyokuwa ya bure na ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa yeyote, ilisifiwa sana na wasomaji. Mwishoni mwa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba watengenezaji wake wanajiunga na kampuni ya ElevenLabs, na mwezi Novemba huduma yenyewe ikafungwa. Wasomaji walipata majuma machache tu ya kuhama.

Hatusemi haya ili watu waogope kutumia vyombo hivi. Mpangaji mwenye busara hukaa katika nyumba ya watu kwa amani, lakini vyeti vyake vya kuzaliwa na hati ya kiwanja haviachi mahali asipoweza kuvichukua usiku mmoja. Nasi tufanye hivyo hivyo. Kabla ya kuchagua programu, tazama kama inakuruhusu kutoa akiba yako, na angalau mara mbili kwa mwaka uitoe kweli na kuiweka mahali pengine. Makala ambayo usingependa kuikosa maishani, kama vile maelezo ya ugonjwa wa mzazi wako, mwongozo wa ufundi wako au historia ya ukoo wenu, uihifadhi kama faili ya PDF ndani ya simu na nakala yake katika kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Ikiwa ni ya thamani zaidi ya hapo, toa chapa ya karatasi pale mtaani uibandike daftarini, kama wazee walivyofanya. Karatasi ina maadui wake, mchwa na maji ya mvua, lakini haifungwi kwa tangazo la kampuni iliyo ng'ambo.

Tena ukumbuke kwamba mwenye nyumba huona anayeingia na anayetoka. Programu inayotunza akiba yako katika mitambo yake inaweza kujua unasoma nini. Kama unasoma juu ya maradhi ya siri au matatizo ya ndoa, soma katika kivinjari na usihifadhi. Wala usiunganishe akiba yako ya nyumbani na kompyuta ya ofisini, mahali ambapo mwenzako aweza kuketi baada yako na kukuta orodha nzima ya mambo yanayoisumbua nyumba yako.

SAA YA KUSOMA NI YA NANI?

Tumeeleza chombo na tumeeleza utaratibu. Sasa tuseme lile jambo moja ambalo hakuna programu iwezayo kulifanya. Programu huhifadhi makala. Haiwezi kuhifadhi saa. Na mfanyakazi wa mjini mara nyingi hakosi makala, hukosa saa ya kuisoma. Ndiyo maana mtu aweza kubadilisha programu tano na bado lundo likabaki vile vile. Ametengeneza ghala mara tano, wala hajapanga siku ya kula.

Nchi yetu ina fundisho zuri katika jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kujisomea. Kikundi kilikutana kwa siku na saa iliyojulikana, kikasikiliza kipindi katika redio, kikasoma kitabu kilichoandaliwa, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakasafisha mazingira ya nyumba. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma, na redio ilikuwa moja kwa watu wengi. Walichokuwa nacho ni saa iliyopangwa, wenzao wa kujadiliana nao, na kazi ya kufanya baada ya kusoma. Leo kila mmoja wetu ana maandishi mengi mfukoni kuliko kikundi kizima cha wakati ule, nasi twashindwa kwa kukosa vitu hivyo vitatu.

Basi kila nyumba na ipange saa yake. Isiwe ndefu, nusu saa mara mbili kwa juma yatosha. Watu wengine watapenda alfajiri kabla ya maji ya kuoga kuchemka, wengine Jumapili baada ya chakula cha mchana. Saa hiyo ikifika, simu iwekwe katika hali isiyopokea ujumbe, ibaki kitabu tu. Kila mmoja achague moja katika akiba yake aisome hadi mwisho. Kisha wenye makala nzuri waisimulie kwa sauti, hata watoto wapate kusikia. Mtoto anayemwona mzazi ameshika simu hajui kama anasoma au anacheza, maana kwa nje ni kitendo kimoja. Akisikia kilichosomwa kikisimuliwa, ndipo hujifunza kwamba simu yaweza kuwa chombo cha elimu. Zamu ya kusimulia ikimfikia na yeye, hata kwa hadithi fupi ya shuleni, atajiona mmoja wa wasomaji wa nyumba.

Tunapopanga saa hiyo, hatuna budi kusema wazi jambo ambalo kwa kawaida hupitishwa kimya. Katika nyumba nyingi saa ya kusoma tayari ipo, ila ina mwenyewe mmoja. Baba akirudi kazini huketi, akafungua gazeti au simu, na watoto wakaambiwa wasimsumbue. Mama naye amerudi kazini saa ile ile, pengine kwa daladala lile lile. Lakini yeye huingia jikoni, akatoka jikoni akaingia bafuni kuogesha watoto, akatoka bafuni akakaa na madaftari yao, na inapofika saa nne usiku amebaki na kioo cha simu mbele ya macho yanayofumba. Akiba yake ya usomaji ndiyo ndefu kuliko zote nyumbani, na si kwa uvivu. Amehifadhi kwa sababu ana hamu ya kujua. Hajasoma kwa sababu hakuna aliyemwachia nafasi.

Kumfundisha mama huyo lebo na kikomo cha makala 20 bila kumpa nusu saa ni kumcheka. Baba anayesoma safu hii aweza kulitatua jambo hili bila programu yoyote. Siku mbili kwa juma aogeshe watoto yeye, au asimamie chungu, au akae na hesabu za mwanawe, na watoto wakubwa waoshe vyombo. Wala isiwe kama zawadi ya sikukuu. Iwe zamu, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani kama inavyoandikwa siku ya kulipa ada, ili isibembelezwe kila mara. Na katika nusu saa hiyo mama asiitwe kuulizwa chumvi iko wapi.

Haki ya kusoma ni miongoni mwa haki za mfanyakazi, awe mwanamume au mwanamke. Anayejua sheria ya kazi yake, kinga ya maradhi ya watoto wake na mbinu mpya za ufundi wake hudanganywa kwa shida, na nyumba yake huendeshwa kwa mwanga. Maarifa hayo leo yako karibu nasi kuliko wakati wowote, lakini ukaribu si umiliki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo jioni fanya mambo mawili. Fungua akiba yako ufute bila huruma yote usiyo na kazi nayo, ubakize yasiyozidi 20, na yenye tarehe uyapeleke kwenye kalenda. Kisha kaeni pamoja, wewe na mwenzako, mkubaliane ni siku gani mbili za juma hili, saa ngapi hadi saa ngapi, na ni nani atakayesimama jikoni wakati mwingine anasoma. Makubaliano hayo yakiisha kuandikwa ukutani, programu yoyote mtakayochagua itawafaa.